Fundo Linalobeba Mtu

Katika makaburi ya Kanisa la St Peter mjini Nyeri kuna kaburi ambalo maskauti huja kulizuru kutoka kila pembe ya dunia. Aliyezikwa hapo ni Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyewapeleka wavulana kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Kutokana na kambi hiyo ikazaliwa harakati inayowafundisha watoto kutoka nje, kusoma nyayo, kuwasha moto na kufunga mafundo. Uzeeni alihamia Nyeri, akaishi tangu 1938 katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki Januari 1941. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati. Kwa skauti hiyo ni alama ya njiani: aliyeiacha amekwisha kwenda nyumbani.

Mzee huyo ana heshima yake, na simpunguzii. Ila huna haja ya kwenda mbali na kaburi lake ili ukutane na mafundi wa fundo lisilo na beji. Asubuhi yoyote, ukungu ukiwa bado umekishika kilima cha Nyeri, wanapita barabarani wakielekea hospitalini, sokoni au stejini: leso imezungushwa mwilini, ncha zake zimekazwa kifuani, na mgongoni kuna binadamu mdogo aliyelala fofofo. Mafundo mengi hushika mbuzi, magunia au mahema. Hili linamshika mtu, na aliyelifunga anavuka barabara, anabishana bei na kuamkia wazee bila kuligusa tena. Nataka kulisifu, pamoja na ufundi mzima unaotokana nalo: ufundi wa kwenda na mtoto.

Nasema kwenda naye kwa makusudi, maana kumtembeza ni jambo jingine. Kumtembeza mtoto kunataka Jumapili, nauli ya ziada, nguo za kutokea na mahali penye bembea. Hakuna ubaya, ikipatikana. Lakini katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, matembezi ya mtoto mdogo hayana siku yake maalumu. Yanazaliwa na shughuli za wakubwa: mahindi yanapelekwa kusagwa, maziwa yanangojewa na gari barabarani, shosho hajaonekana kanisani na lazima ajuliwe hali. Mama anakwenda, basi mtoto anakwenda. Katika kwenda huko ndimo anamoonyeshwa dunia, na hakuna anayemtangazia kwamba anaonyeshwa.

Ufundi wenyewe huanza kwa kungoja. Mtoto hapandi mgongoni kabla shingo yake haijakaza. Miezi ya mwanzo hubebwa mbele, kichwa kikiegemea kiwiko. Shingo ikishakaza, mara ya kwanza huwa na msimamizi. Mama yangu, aliyewasimamia wake wa wanawe wote na hatimaye akanisimamia na mimi, alikuwa na agizo lililotangulia mengine yote: "Inama kwanza. Mtoto hufuata mgongo, mgongo haumfuati mtoto." Basi unainama hadi mgongo ukaribie kulala sawa. Unampitisha mtoto ubavuni, tumbo lake lilale juu ya uti wako, mkono mmoja umeshika makalio yake. Mkono wa pili unairusha leso juu yake. Ukingo wa juu unapita chini ya makwapa yako na kukazwa kifuani; ukingo wa chini unaingia chini ya makalio yake, unavutwa mbele na kufungwa kiunoni. Wengine hupitisha ncha moja juu ya bega. Mapaja ya mtoto yakumbatie mbavu zako, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Kisha unajiinua polepole, unamrusharusha kidogo ili akae, na unasikiliza. Aliyekaa vizuri hushusha pumzi ndefu. Aliyekaa vibaya hatakuficha.

Mwanagenzi hufanya haya kando ya kitanda, ili mtoto akiponyoka aangukie godoro. Fundi huyafanya amesimama kwenye tope la stejini, kikapu kiko miguuni, huku akimjibu makanga kwamba nauli ya Mukurwe-ini haijawahi kuwa hiyo.

Wahenga wa Kikuyu walibebea watoto ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, wakaiita ngoi. Kitambaa kilipokuja kikarithi kazi hiyo. Siku hizi mbeleko ya mlimani mara nyingi ni leso ya pwani, iliyopanda kutoka Mombasa na maandishi yake. Huku juu ni wachache wanaoyasoma kwa makini, na hivyo mtoto wa Tetu anaweza kulala mchana kutwa chini ya kijembe kilichokusudiwa mke mwenza wa Mombasa.

Baridi nayo imeongeza sura yake katika ufundi huu. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua laweza kuadimika siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo juu ya leso hupita shali ya sufu, kichwani huvalishwa boshori iliyofumwa kwa mkono, na miguuni soksi mbilimbili. Mama wa Lamu anahofia joto. Wa Nyeri anahofia vidole vinavyoning'inia kwenye manyunyu. Shali ifunike lakini isizibe, kwa kuwa pua inahitaji hewa hata pale sikio linapohitaji kufichwa. Mtazame fundi akitembea: mara kwa mara mkono wake unakwenda nyuma, unapapasa mguu mmoja, kisha wa pili, na kurudi. Amekwisha kupima kila alichotaka kupima. Joto lililopungua litatoka mgongoni mwake.

Wataalamu wamekuja baadaye kueleza yale ambayo kina mama walikuwa wakiyatenda. Mwaka 1986 madaktari Hunziker na Barr walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Montreal, Kanada. Walikuwa wamewaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao angalau saa 3 kwa siku, hata kama hawalii. Walipofikia wiki 6, watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Madaktari wa mifupa waliochunguza hali ya Malawi nao waliona kwamba kasoro ya nyonga inayowasumbua watoto wengi wa nchi nyingine ni nadra sana huko, wakaihusisha na mkao wa mgongoni, mapaja yakiwa yamepanuka na magoti yameinuka. Agizo la mama yangu kuhusu magoti lilikuwa na sababu, ingawa yeye sababu yake ilikuwa fupi zaidi: ndivyo mtoto anavyokaa.

Lakini kama faida ingekuwa kupunguza kilio tu, nisingehangaika kuandika. Kinachonivuta zaidi ni kimo. Mtoto aliyelazwa kwenye kigari cha kusukuma, hata tukisahau kwamba njia za vijijini kwetu hazina mahali pa kukisukumia, huuona ulimwengu kuanzia magotini. Wa mgongoni yuko mabegani mwa mtu mzima. Anaziona nyuso za wanaosalimiwa. Anaisikia sauti ya mama kupitia mbavu, anajua inavyoteremka ikimwamkia mzee na inavyopanda kwa muuza ndizi. Anajifunza kwamba mwenye duka hupitwa haraka mwisho wa mwezi na kwamba jirani aliyefiwa hapitwi kamwe. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya kilichochapishwa 1938, aliwaeleza wasomaji wa Ulaya kwamba elimu ya Mkikuyu huanza tangu uchanga, katika nyimbo za kubembelezea zinazobeba habari za jamaa na ukoo. Nyimbo zina mahali pake. Ila naamini mgongo ulifundisha mengi hata mama alipokuwa hana nafasi ya kuimba.

Serikali nayo ina ratiba yake ya matembezi. Kijitabu cha kliniki ndicho hati ya kwanza ya kusafiria ya mtoto wa Kenya: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Watoto wengi wa vijijini waliuona mji wa Nyeri kwa mara ya kwanza wakielekea kudungwa sindano. Fundi huiandaa safari hiyo tangu usiku. Nguo ziwe za kuvulika upesi mbele ya mizani. Safari ianze mapema, kwa sababu foleni ya saa nne haina huruma. Baada ya sindano mtoto anarudishwa mgongoni papo hapo, na kilio mara nyingi hukatika kabla ya lango la hospitali. Hapo anayejua kazi yake haendi stejini moja kwa moja. Huzunguka kidogo, amwonyeshe mtoto lori linaloshusha kreti za soda au cherehani za mafundi wa nguo zikilia barazani, amnunulie ndizi. Siku iliyoanza kwa sindano haiachwi ifungwe na sindano.

Kisha kuna matatu, ambamo fundo hufunguliwa. Mtu haketi akamwegemea mtoto, hivyo mlangoni mbeleko inalegezwa, mtoto anazungushwa mbele na kupakatwa. Nimewahi kuhesabu mikono inayoshiriki katika kitendo hicho nikakata tamaa. Makanga anashika kikapu, abiria wa kiti cha mbele anashika mguu, mwanafunzi anaokota soksi, na mara nyingi mtoto anaishia mapajani mwa mama mwingine kabisa, ambaye hajaombwa wala hajauliza. Kufika Kiganjo wameshajuana. Mtoto anayelelewa hivi hujua mapema kwamba mapaja ya watu ni mengi. Anajua pia kuyapima: yupo abiria anayemfanya atulie, na yupo anayemfanya amtafute mama yake kwa macho.

Soko la Karatina ndilo mtihani mkubwa. Ni mojawapo ya masoko makubwa ya wazi ya Afrika Mashariki: viazi na kabichi, karoti zenye udongo, nduma, maharagwe ya kila rangi, milima ya mitumba. Siku ya soko watu hupitana ubavu kwa ubavu, na wabeba magunia hawasimami, wanapiga kelele tu. Mwenye mtoto mgongoni hulazimika kujua kwamba mwili wake sasa unaishia mbali kidogo na ulipoishia jana. Hageuki ghafla. Kwenye kichochoro huingia upande. Akiinama kuchagua nyanya, hukunja magoti badala ya kiuno, ama sivyo mtoto atazichagua kwa kichwa. Muuzaji naye ana sehemu yake: humpa mtoto karoti moja, bure kabisa, na karoti hiyo utaikuta kwenye bei ya viazi.

Siku moja mtoto hukataa mbeleko. Anajikaza kama mti, anataka chini. Fundi mzuri huijua siku hiyo na hapigani nayo, maana ufundi wa pili umeanza, na kwangu huu ni mgumu zaidi kuliko wa kwanza. Mgongoni mtoto alikwenda kwa mwendo wako. Ardhini wewe ndiye unayekwenda kwa wake. Njia ya mtu mzima ya robo saa inageuka asubuhi nzima: kuna siafu, kuna dimbwi, kuna jiwe lisiloweza kuachwa. Wanaoujua ufundi huu hawamvuti mkono. Humpa kazi. "Shika kibuyu cha chai." "Peleka mayai haya kwa shosho, usikimbie." Mtoto mwenye mzigo mdogo wa kweli hutembea mbali kuliko mtoto mwenye pipi, kwa sababu sasa safari ni yake.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili naupata Ihithe, kijiji cha Nyeri alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo mwaka 2004, mbele ya wafalme na mawaziri, alifunga hotuba yake kwa kukumbuka kijito cha karibu na kwao. Alikuwa mtoto, ametumwa na mama yake kuteka maji. Kati ya majani ya nduma aliyaona mayai ya chura yameungana kwa nyuzi, akayadhani shanga, akajaribu kuyaokota, yakamkatikia vidoleni. Baadaye kijito kilikauka, na sehemu kubwa ya kazi iliyomfikisha Oslo ilikuwa juu ya kukauka huko. Hakuna aliyekuwa amempeleka kuona mazingira. Alitumwa maji, akapewa nafasi ya kuchelewa.

Nafasi ya kuchelewa: hapo naona kiini cha ufundi wote. Nanyuki, kwenye bango la Ikweta, vijana huonyesha maji yakizunguka ndani ya beseni lenye tundu, kijiti cha kiberiti kikielea juu yake. Kaskazini ya mstari kinazunguka huku, kusini kinazunguka kule. Wanafizikia wanasema mzunguko wa dunia hauwezi kugeuza maji ya beseni dogo hatua chache tu kutoka mstarini. Mkono wa mmimina maji ndio unaofanya kazi. Kweli. Lakini mpeleke huko mtoto wa miaka mitatu, utaona hatazami maji. Anatazama kijiti, kisha uso wa kijana, kisha anataka kijiti chenyewe. Vivyo hivyo kwa treni, tangu ile reli ya zamani ya Nanyuki ilipofufuliwa mwaka 2020: mzazi anamwonyesha mlima, mtoto anasoma boliti za kiti. Na mlima wenyewe, pamoja na mita zake 5,199, una tabia ya kujifunika mawingu kabla ya saa nne. Ukitaka mtoto auone, mtoke mapema. Akitaka kutazama boliti, mwachie boliti.

Nimesema sana juu ya mama, lakini migongo ya kazi hii ni mingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3, na baba wiki 2. Miezi 3 ndio muda ambao shingo ya mtoto huwa inaelekea kukaza. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi za mjini, wakati mtoto anapokuwa tayari kwa mgongo, mgongo uliopo nyumbani ni wa yaya. Huyo msichana ndiye anayempeleka dukani na kumrudisha, ndiye anayejua kwamba analala akipitishwa kando ya kiwanda cha mbao na kwamba huamka kwenye kengele ya shule. Anabeba maarifa ambayo wenye mtoto hawana, kwa mshahara ambao wengi wetu tusingependa utajwe. Vijijini kuna dada mkubwa, mwenyewe bado mtoto, anayembeba mdogo wake huku akiruka kamba. Anasifiwa, na anastahili. Pia anastahili kupumzishwa, kwa sababu mgongo wa miaka saba una haki ya kuwa mtupu.

Wanaume tumechelewa. Tulipoanza, wengi wetu tulianzia na ule mkoba wa kufungwa kifuani, wenye mikanda na vibanio, kwa kuwa unafanana na vifaa vya kazi na haututaabishi mbele za watu. Historia yake ina utamu wake. Ann Moore, muuguzi Mmarekani, alifanya kazi Togo miaka ya 1960, akawaona kina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni. Aliporudi kwao akapata mtoto, akashirikiana na mama yake kushona mkoba wa kuuiga ubebaji ule, wakapata hataza mwaka 1969. Leo wazao wa mkoba huo wanauzwa katika maduka ya Nyeri kwa bei ya leso nyingi. Nimewasikia wazee wakimcheka kijana aliyeuvaa kwenye steji. Mimi nilifurahi kumwona. Mtoto alikuwa amelala, na kijana alikuwa na kijitabu cha kliniki mkononi.

Sifa hizi zisije zikaficha uzito. "Tembo hashindwi na mkonga wake" husemwa kwa wepesi na watu ambao mkonga si wao. Migongo huuma. Mchuma chai wa Othaya hawezi kubeba mtoto na kikapu cha majani mahali pamoja, hivyo mtoto hubaki kwenye kivuli mwisho wa mistari, na mama huchuma huku sikio lake liko kule. Kuna mahali ambapo fundi hukataa kwenda na mtoto, na kukataa huko ni sehemu ya ufundi: mbele ya mafuta yanayochemka hambebi, na kwenye bodaboda ya watu wanne hapandi, hata mvua ikinyesha, hata makanga wa mwisho akiwa amekwisha kuondoka.

Ila ndani ya mipaka hiyo ningependa watu wengi zaidi wajifunze, akiwemo mzazi anayengoja mwisho wa mwezi ili "amtoe mtoto". Safari iliyopo leo ya kununua mafuta ya taa inatosha. Na anayetaka kuanza asipite madukani kutafuta vifaa. Atafute leso mbili kavu, mtoto ambaye shingo yake imekaza, na mwanamke mwenye umri wa kutosha kumkemea asipoinama.